Kila Mtoto na Fungu Lake la Somo: Mwongozo kwa Mwalimu wa Mazoezi Eastlands

Ewe mwalimu mwanafunzi unayepelekwa muhula huu kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule mojawapo ya mitaa ya Eastlands, Nairobi, iwe ni Kaloleni au Bahati, Jericho au Umoja, Kayole au Dandora, na ukaambiwa ya kwamba darasa lako ni la Gredi ya Kwanza na kwamba ni darasa jumuishi, ambamo watoto wenye ulemavu wanasoma pamoja na wenzao, usiingiwe na hofu wala usijipe fahari: kazi iliyo mbele yako ni kazi ya mpango, na mpango wake huanza kabla ya kengele ya asubuhi. Nitakuandikia hapa siku moja ilivyo, tangu alfajiri hata jioni, nikirefusha pale ambapo walimu wageni aghalabu hukwama, na kupita upesi pale ambapo chuo kimekwisha kukufunza vya kutosha.

Kabla ya yote nitakupa kipimo, nawe ukitumie kila jioni. Kuwamo darasani si kuwamo katika somo. Mtoto aliyeketishwa pembeni na donge la udongo wa kufinyanga, ilhali wenzake wanasoma silabi, huyo amelindwa tu, hakufundishwa, na hata akitabasamu kutwa nzima haiwi hoja. Jiulize basi: katika somo la leo, kila mtoto alikuwa na kazi gani? Akiwapo hata mmoja ambaye huna jibu lake, andalio la kesho lianze kwake.

Yafaa ujue watoto hawa walivyofika hapo, maana utakutana na wazee wa mtaa, na hata walimu wenzako, watakaokuambia kwamba mahali pao ni shule maalumu. Kwa miaka mingi ndivyo ilivyokuwa: asiyeona alipelekwa Thika, kwenye shule iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, wengine wakatafutiwa shule za mabweni za namna hiyo, na aliyekosa nafasi alibaki chumbani. Mwaka 1984 serikali, kwa msaada wa Denmark, ilianza kufungua vituo vya kuwapima watoto na kuwashauri wazazi wao, ambavyo walimu wote huviita EARC, na mwaka 1986 ikaundwa taasisi ya KISE, iliyoko Kasarani, iwafunze walimu wa elimu maalumu. Kisha Januari 2003 karo ya shule za msingi ikaondolewa, na milango ilipofunguka hivyo wakaingia pia watoto ambao zamani hawakuwa wakionekana barabarani. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 54, ikampa mwenye ulemavu haki ya kupata elimu katika taasisi zilizounganishwa na jamii kwa kadiri inavyoafikiana na maslahi yake, na sera ya serikali ya mwaka 2018 ikaitanguliza elimu jumuishi. Siyataji haya kwa kujigamba na sheria, kwani sheria haimpandishi mtoto ngazi. Nayataja ili siku utakayoulizwa huyu anafanya nini hapa, uwe na jibu la upole na la hakika.

Na watoto wenyewe wanatoka wapi? Eastlands ni jina moja lenye makazi ya namna nyingi. Kaloleni na Bahati ni nyumba za chini za enzi ya ukoloni, zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mji. Buruburu, iliyoanza kujengwa miaka ya 1970, ni nyumba za kununuliwa kwa mkopo, zenye ua na geti. Dandora ilianza miaka hiyo hiyo kwa mradi wa Benki ya Dunia wa kugawa viwanja vyenye choo na bomba ili kila mtu ajijengee mwenyewe. Na Pipeline, kule Embakasi, maghorofa yamesongamana hata jua halifiki chini, nayo hayana lifti. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayekaa ghorofa ya sita ya jengo kama hilo huteremshwa mgongoni na mama yake alfajiri, ngazi kwa ngazi, kiti chake cha magurudumu kikiwa kimelala chini kwa mlinzi wa ploti, na mama huyo afikapo mlangoni pako amekwisha kufanya kazi ambayo wewe na mimi tungeihesabu kuwa ya siku nzima. Wakichelewa, wapokee. Usimwulize mbele ya watu sababu ya kuchelewa.

Wewe lakini usichelewe. Barabara ya Jogoo na ile ya Outer Ring haziaminiki asubuhi, na mvua ikinyesha matatu hupandisha nauli na kupunguza mwendo kwa wakati mmoja. Basi panda gari la mapema, uwe darasani saa moja, wakati chumba kingali kitupu. Somo la kwanza la madarasa ya chini kwa kawaida huanza saa mbili na dakika ishirini, na kila somo lina dakika 30, muda usiotosha kutafuta chaki, sembuse kuhamisha madawati.

Simama mlangoni ukitazame chumba kwa macho ya kila mtoto, mmoja baada ya mwingine. Nuru inatoka upande gani? Mtoto asiyesikia vizuri husoma midomo yako na uso wako, na ukisimama ukalipa dirisha kisogo uso wako huwa giza kwake, asione ila kivuli kinachotikisa kichwa. Kwa hiyo simama mahali ambapo nuru inakuangukia usoni, yeye aketi mbele, upande ulio mbali na kelele za barabara, na usiseme hata neno moja huku umeuelekea ubao. Mwenye ualbino mweke mbele vilevile, lakini kando ya mwale wa jua, maana jua humwumiza ngozi na macho, na uoni wake aghalabu ni hafifu. Mpe idhini ya kudumu ya kusogea ubaoni kila anapotaka, wala asivuliwe kofia yake pana uwanjani kwa kisingizio cha sare. Mwenye usonji mtafutie mahali ambapo nyuma yake pana ukuta, ili asishtuliwe na watu wapitao asikowaona. Na mwenye kiti cha magurudumu asiwekwe karibu na mlango kwa sababu tu ndipo rahisi: apate njia ya kufika ubaoni, kwenye kona ya vitabu na kwa rafiki yake, na njia hiyo uipime kwa kiti chenyewe, si kwa kukisia.

Kizingiti kikiwa kirefu, usingoje fedha za wizara. Chukua kipimo chake kwa kamba, ukamwone fundi seremala wa Gikomba au wa jua kali pale Shauri Moyo, akuundie mteremko wa mbao, mrefu kuliko unavyodhani unahitajika, kwa kuwa mteremko mfupi ni mkali na kiti hurudi nyuma. Mwombe mwalimu mkuu ruhusa kwanza, naye aghalabu hatakataa kitu ambacho hakimgharimu sana. Kwa mtoto ambaye vidole vyake havishiki kalamu, kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli kilichozungushwa juu ya penseli mpaka ikawa nene kama kidole gumba chako kinafaa kushinda vifaa vingi vya dukani, na fundi wa baiskeli atakupa bure.

Mwalimu mlezi, yaani mwenye darasa, ndiye maktaba yako. Huenda hakusomea elimu maalumu hata siku moja, na huenda watoto wake wakafika 60 katika chumba kilichojengewa 40, lakini yeye ndiye ajuaye ni nani anayelia Jumatatu kwa sababu wikendi alikuwa kwa nyanya yake, na nani akinyamaza ghafla maana yake anataka kwenda chooni. Mwendee kwa adabu, faraghani, kabla ya watoto kuingia: “Habari ya asubuhi, Mwalimu. Naomba unielekeze, huyu wa mbele anaweza nini, na huanza kuchoka saa ngapi?” Angalia namna swali lilivyotengenezwa. Ukiuliza mtoto ana ugonjwa gani utajibiwa kwa jina la ugonjwa, nalo halikusaidii kuandika andalio la somo. Ukiuliza anaweza nini utapewa mahali pa kuanzia. Ikiwa mtoto amekwisha kupimwa EARC, omba usome faili lake, uangalie kama ana mpango wake mwenyewe wa elimu, na usilizungumzie faili hilo katika chumba cha walimu wakati wa chai.

Gwaride nitalipita upesi, ila kwa neno hili: wimbo wa taifa, kipaza sauti na kengele ni adhabu kwa baadhi ya watoto wenye usonji, na si utovu wa nidhamu mtoto kuziba masikio. Msimamishe mwisho wa mstari, mbali na kipaza sauti, na umwonye mapema kwamba kengele inakuja. Njia bora ya kumwonya, nayo huwafaa watoto wote, ni ratiba ya picha: kata ubao wa katoni mrefu, chora juu yake gwaride, kitabu, kikombe cha uji, mpira, hesabu, sahani na lango la shule, kisha weka kibanio cha nguo kwenye picha ya kwanza, na kila jambo linapokwisha mtoto mmoja akisogeze kibanio mbele ya wote. Wiki ya pili utaona wale usiowadhania, wasio na ulemavu wowote, wakiikimbilia ratiba hiyo asubuhi kuuliza mpira uko wapi.

Sasa tuingie katika somo lenyewe, tulitazame kwa karibu, kwa sababu hapa ndipo mwalimu mgeni hufanya lile kosa la kuandaa somo moja kwa wengi na kazi nyingine mbali kwa wachache. Tuseme ni Kiswahili, na sauti ya leo ni k, silabi ka, ke, ki, ko, ku. Kitabu wanacho, kwani tangu mpango wa Tusome ulipoanza mwaka 2015 lengo limekuwa kila mtoto wa madarasa ya mwanzo awe na kitabu chake mwenyewe, na utaratibu wa mwalimu kuonyesha kwanza, kisha wote pamoja, kisha mmoja mmoja, walimu wengi wanaujua. Uushike utaratibu huo. Ni mzuri kwa darasa jumuishi kwa sababu unarudia bila kuchosha. Lakini ongeza njia za kuingilia.

Andika silabi kwa wino mweusi mzito juu ya kadi za manila, kila herufi iwe na kimo cha kidole, na silabi hizo hizo uziandike kwa herufi ndogo ndani ya vifuniko vya soda ulivyookota kwa mwenye kibanda. Anza kwa neno kuku, watoto wote wakiligonga mezani kwa kiganja, ku na ku, ili asiyesikia alione na kulihisi kwenye ubao wa meza, na mwenye kigugumizi alipate kwa mkono kabla ya ulimi. Kisha zamu zije. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ambaye maneno hayamtoki lakini macho yake yako macho kweli kweli, mchukulie kadi mbili, ki mkono wa kulia na ku mkono wa kushoto, uzitenganishe kwa upana wa mabega yako, useme, “Nionyeshe ku,” halafu unyamaze. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Darasa litataka kumjibia, na wewe mwenyewe utataka. Zuia vyote viwili. Macho yake yakienda kwenye kadi ya ku na kutulia hapo, amesoma, naye apigiwe makofi yale yale anayopigiwa msomaji mwingine, wala yasizidi, kwa maana makofi ya kupita kiasi watoto huyatambua kuwa ni huruma.

Mwenye ulemavu wa akili, ambaye hajafika kuunda neno, aoanishe kifuniko cha ku na kadi ya ku. Ni silabi ile ile, dakika ile ile, meza ile ile. Mwenye uoni hafifu ashike kadi karibu na pua yake bila kuchekwa. Na yule mwepesi aliyekwisha kumaliza, ambaye yuko katika kila darasa la Nairobi na tayari anasoma mabango ya matatu, umpe vifuniko aunde maneno mapya, kaka, kuke, kikoko, hata yasiyo na maana, aulize kama ni neno au si neno. Usimfanye msaidizi wa kudumu wa mwenzake mwenye ulemavu. Desturi hii imeenea, nami siipendi: inamnyima mmoja masomo na inamfundisha mwingine kungoja kusukumwa. Wasaidiane kwa zamu, na zamu nyingine yule mwenye kiti cha magurudumu ndiye awe mgawaji wa vitabu, navyo viwekwe mapajani mwake apite kati ya madawati.

Katika lugha uwe mwangalifu. Watoto wa Eastlands huja na Sheng, pamoja na Kikamba, Kijaluo, Kisomali, Kikuyu au Kiluhya cha nyumbani, na mtoto akikuambia, “Ticha, sioni poa,” amekupa habari ya thamani kubwa kuliko sarufi. Msogeze mbele kwanza, sarufi itakuja. Sentensi ndefu kama hizi ninazokuandikia wewe zisitiwe masikioni mwa mtoto wa miaka sita. Agizo liwe moja, fupi, na liambatane na ishara ya mkono, maana “Toeni vitabu, fungueni ukurasa wa kumi na mbili, tazameni picha mniambie” ni maagizo manne, na mtoto mwenye tatizo la kuhifadhi maneno atabaki na la mwisho tu. Aidha lifundishe darasa zima ishara chache za Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Katiba yenyewe imeagiza iendelezwe: maji, choo, rafiki, asante, nimekosa. Watoto watazishika kabla yako, nawe hutahangaika tena na makelele ya “Ticha, Ticha” yanayoomba ruhusa. Shule ikiwa ya mabati, kama zilivyo nyingi za mitaa ya mabanda, mvua ikianza sauti yako haina kazi, na hapo ishara hizo ndizo zitakazoliendesha somo hadi mawingu yapite.

Wakati wa mapumziko usikimbilie chai. Nenda uone choo. Mlango unapita kiti cha magurudumu? Kuna cha kushikilia? Mtoto asiyeweza kujihudumia anasaidiwa na nani, na je, msaidizi huyo ni wa jinsi yake na anajulikana na mzazi? Wapo watoto ambao hawanywi uji wala maji asubuhi nzima kwa sababu wanaogopa choo, na mwalimu huwaona wamesinzia saa tano akadhani hawana bidii. Baada ya hapo simama uwanjani. Majina ya kejeli huzaliwa pale, si darasani, na dawa yake si hotuba bali ni mchezo ambao kila mmoja ana nafasi: kati ya kamba, bano na mpira wa makaratasi, hakuna hata mmoja usioweza kurekebishwa ukiwauliza watoto wenyewe namna ya kuurekebisha. Wao hubuni upesi kuliko kamati.

Itakuja saa ambayo mtoto mmoja atalipuka, atalia, atatupa vitu au atajilaza sakafuni, na macho ya watoto 50 na ya mwalimu mlezi yatakuelekea kuona utafanya nini. Kiboko hakimo katika hesabu. Kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikarudia marufuku hiyo pamoja na ya kumdhalilisha mtoto kwa maneno, japo utasikia katika baadhi ya korido sauti zisizotii. Punguza maneno, punguza watu, punguza mwanga. Wape wengine kazi ya kuandika, ukae chini kimo sawa na chake, usimshike ila akiwa hatarini, ungoje. Baadaye, akiwa ametulia, tafuta kilichotangulia: kengele, harufu ya jalala la Dandora iliyoletwa na upepo, kubadilishwa kiti bila taarifa. Kiandike pamoja na saa yake. Ukipata saa zinazofanana siku kadhaa, umepata nusu ya dawa.

Kifafa nacho kisikukute huna maarifa. Mtoto akianguka akatetemeka, tazama saa, ondoa madawati yaliyo karibu, mwekee sweta chini ya kichwa, mlegeze kola, na mtetemeko ukipungua mlaze ubavu ili mate yatoke. Usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, usimzuie kwa nguvu, usimpe maji mpaka awe na fahamu kamili. Ukipita dakika tano, au ukirudia kabla hajazinduka, au akiwa ameumia, apelekwe hospitali bila kungoja mzazi. Kwa aliye Umoja, Kayole au Komarock, Mama Lucy Kibaki ndiyo iliyo karibu. Waambie watoto waliokuwa wakitazama, kwa maneno mepesi, kwamba kifafa hakiambukizi kwa kugusana wala kwa mate, kwa sababu wataambiwa vingine wakifika nyumbani.

Somo la Hisabati halitaki maneno mengi hapa: vile vifuniko vya soda ni vya kuhesabia pia, na anayejumlisha hadi ishirini na anayejifunza moja na moja wanaweza kukaa kwenye rundo moja la vifuniko.

Chakula cha mchana, katika shule za umma zilizomo katika mpango wa Dishi na County ulioanzishwa na Kaunti ya Nairobi mwaka 2023, hulipwa shilingi 5 kwa kugusisha bangili ya mkononi kwenye mashine, na foleni husonga haraka. Haraka hiyo ndiyo ya kuangalia. Mtoto ambaye mkono wake hausimami anaweza kukosa kuigusisha bangili, akasukumwa nyuma, akala mwisho chakula kilichopoa. Simama naye siku za mwanzo, kisha umwache apate rafiki wa foleni. Mwenye shida ya kumeza aketi wima, alishwe kwa kijiko kidogo, ndengu zikiwa zimepondwa ndani ya wali, na kichwa chake kisiinamishwe nyuma kamwe, maana chakula hushuka njia ya pumzi. Nawe usimlishe kwa kasi ya saa yako.

Alasiri watoto wa madarasa ya chini huwa wamechoka, hivyo weka huko uimbaji, uchoraji na hadithi. Watoto wakitoka, kaa langoni dakika chache, kwani mzazi ambaye hakuja kwenye mkutano wa shule kwa kuwa ana meza ya mboga atakuja kumchukua mtoto. Msalimu kwa jina la mtoto wake, Mama Fulani au Baba Fulani, kama ilivyo desturi ya mtaa, na umwanzie kwa jambo moja alilolifanya mtoto leo: “Mama, leo amechagua silabi mwenyewe, kwa macho.” Wazazi wengi wa watoto hawa wamezoea kuitwa shuleni kwa malalamiko tu, na utaona mabega yakishuka. Ikiwa unamshuku mtoto kuwa hasikii au haoni vizuri na hajapimwa, wewe si tabibu, usitaje ugonjwa. Mweleze mwalimu mlezi ulichokiona, naye, kupitia kwa mwalimu mkuu, amwelekeze mzazi EARC ya eneo au KISE. Mzazi ajue pia kwamba Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu husajili watoto, na kwamba kadi yake hufungua njia ya misaada, vikiwamo vifaa vya kutembelea, na mafuta ya kukinga jua kwa wenye ualbino.

Jioni, kabla ya kuiandika rekodi ya kazi, rudi kwenye kile kipimo. Usiandike “somo lilifaulu”, maneno ambayo wahadhiri wameyasoma hadi wakayachoka. Andika nani alifanya nini, kwa msaada gani, na nani hukumwona. Mhadhiri atakapokuja kukutathmini, jaribu halitakuwa kumficha mtoto mgumu siku hiyo, au kumwomba mama yake asimlete, jambo ambalo nimelisikia likisimuliwa kwa kicheko katika zaidi ya chumba kimoja cha walimu, na ambalo kwa insafu lingestahili alama ya sifuri. Jaribu litakuwa kumwonyesha. Andalio lako liwe na safu moja ya ziada upande wa kulia, yenye majina ya watoto wachache na kazi ya kila mmoja katika somo hilo hilo, na umkabidhi mhadhiri kabla hajaketi, ili ajue atazame wapi.

Na muhula ukikaribia kwisha, usiondoke na kadi zako. Ziache, pamoja na vifuniko, ratiba ya katoni, mteremko na kile kipande cha tyubu, na kwa kila mtoto mwenye mahitaji maalumu andika ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi: anaketi wapi, anajibu kwa njia gani, nini humshtua, nini humtuliza, silabi gani anazijua na zipi bado. Nakala moja mpe mwalimu mlezi, ya pili iingie katika faili, ya tatu mpe mzazi mkononi, kwa kuwa watu wa Eastlands huhama nyumba kila kodi inapopanda, na mwalimu atakayempokea mtoto huyo Ruai au Njiru hatakuwa na namba yako ya simu.